Nilimsingizia Mkaguzi, Wakampiga Mbele ya Mtaro Wangu

Mimi ndiye niliyenyoosha kidole. Naanza na hilo kwa sababu polisi nililisema mwisho, na mahakamani nililisema nikiwa nimeshabanwa. Hapa nalisema mwanzo, na hakuna aliyenibana.

Jina langu liacheni. Wa Mpanda wakisoma watanijua tu. Ya wenzangu nimeyabadilisha, maana wao hawakukosa chochote.

Nilikuwa mchimbaji. Si wa dhahabu, wa mjini: misingi ya nyumba, mashimo ya choo, mitaro ya mabomba. Wazazi wangu walihamia huku na ng'ombe kutoka Usukumani nikiwa mgongoni. Ng'ombe wakanishinda, nikashika koleo. Pole pole nikapata vibarua wa kuwasimamia, baadaye nikawa nakodi kijiko, ule mtambo wa kuchimbia wenye mkono mrefu. Watu wakaanza kuniita mkandarasi. Nililipenda hilo jina kuliko nilivyowapenda waliokuwa wanachimba ili niitwe hivyo.

Mkandarasi gani! Sikuwa nimesajiliwa popote. Kazi ikidai leseni nilitumia ya jamaa yangu wa Sumbawanga, ambaye hata hakujua nachimba wapi. Kibali cha kukata barabara sikuwahi kuomba. Nilijiambia hayo ni mambo ya kampuni kubwa, sisi wadogo tunaujua udongo wetu.

Msimamizi wa vibarua wangu alikuwa Nestori, kaka yake mke wangu. Kwao ni Litapunga, familia za wale waliotoka Burundi zamani, na leo ni Watanzania kama mimi na wewe. Kwao shemeji ni muramu, kwetu ni mulamu, basi tukawa tunaitana hivyo kila mtu na ulimi wake. Alikuwa mpole lakini si mnyonge. Jioni alichezesha mechi za mtaani, na waendesha bodaboda wote wa upande ule walimpenda kwa sababu alikuwa refa asiyenunulika.

Sasa kuna tajiri alikuwa anajenga nyumba ya wageni mjini, akanipa kazi ya mtaro wa bomba la maji taka. Uanzie ukutani kwake, ukatize barabara ya mtaa, uende ng'ambo. Ulikuwa mtaro wa kwenda chini kweli. Mtu mrefu akisimama ndani, aliye juu haoni hata kofia yake. Kifusi tulikirundika ukingoni hapo hapo, kwa sababu tajiri hakutaka uwanja wake uchafuke, na upande wa pili kulikuwa na duka la watu.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Kingo za mtaro zikawa zinadondosha vibonge, kidogo kidogo, kama mtu anayekurushia vijiwe ugeuke. Vibarua waliogopa. Nestori akaniambia zinatakiwa mbao za kuzuia kingo, na kifusi kisogezwe. Nikamwambia mbao zinakuja. Hazikuwa zinakuja. Sikuwa nimemwagiza mtu yeyote mbao.

Tajiri naye alikuwa ananipigia simu kila asubuhi, kwamba bomba lisipofukiwa kabla mvua hazijachanganya atamleta mtu mwingine. Nilikuwa sili vizuri. Nilikuwa nagomba na kila mtu, mpaka watoto wangu wakawa wananyamaza nikiingia ndani.

Siku hiyo asubuhi, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, alifika mkaguzi. Nimwite Elia. Kijana tu, kazi yake kukagua ujenzi na uchimbaji pale mjini. Alikuja na pikipiki, akapaki, akasalimia kila mtu hadi mama aliyekuwa anachoma mahindi kando ya barabara. Kisha akaniomba kibali cha kukata barabara na leseni yangu ya ukandarasi. Nikamjibu viko ofisini. Akaniuliza ofisi yangu iko wapi.

Vibarua wakacheka. Nadhani hata yeye alitabasamu kidogo. Hapo ndipo damu ilianza kunichemka.

Elia akasogea ukingoni akachungulia. Chini kulikuwa na vibarua wawili wananyoosha sakafu ya mtaro. Hakunigeukia mimi. Aliwaambia wao watoke, taratibu, mmoja mmoja, wasikanyage upande wenye kifusi. Nao wakatoka! Hawakuniangalia hata usoni kuuliza. Watu wangu, kwenye kazi yangu, wamemtii mtu aliyefika muda huo huo.

"Kaka," akaniambia, "mtaro huu umesimama kuanzia sasa. Weka mbao, sogeza kifusi, leta ngazi, ufuatilie kibali. Nitakuelekeza pa kuanzia. Lakini leo hashuki mtu."

Nikamvuta pembeni. Nikambembeleza. Nikampa kitu mkononi kwa kificho kama tulivyozoea, akarudisha mikono nyuma ya mgongo kama mtoto anayekatazwa kugusa chungu. Akasema hapana, kaka, usinifanyie hivyo. Akageuka aende kuweka utepe wa kuzuia watu wasisogee.

Nilichukua koleo lililokuwa limechomekwa kwenye kifusi nikampiga nalo.

Nilimpiga kwa mpini, pembeni ya sikio. Alipiga magoti. Nikampiga mgongoni, akalala, nikamfuata na mateke ya mbavuni. Sikuwa nasikia kitu. Nakumbuka tu buti langu likizama na yeye akikohoa. Nilikuwa nampiga tajiri na simu zake, nawapiga wale waliocheka, nampiga kila aliyewahi kuniuliza kibali. Lakini mbavu zilikuwa za Elia.

Nestori ndiye aliyenishika kwa nyuma. Akanikumbatia na mikono yangu, akawa ananong'ona, "Basi, muramu, basi." Nikajichomoa, nikageuka, nikampiga ngumi ya mdomo.

Halafu nikasema neno ambalo siwezi kulirudisha. Nilimwita mkimbizi. Nikamuuliza, mbele ya watu wote, angekuwa anakula nini kama nisingemwokota.

Yule mama wa mahindi aliacha kupepea moto. Nestori akafuta damu kwa mgongo wa kiganja, akaiangalia.

Nikawaamuru vibarua washuke, bomba liunganishwe leo leo. Hakuna aliyeinua mguu. Nikawaambia asiyeshuka asirudi kesho. Bado hawakusogea. Ndipo Nestori akavua kofia yake akaiweka chini.

"Hawa wana watoto, waache," akasema. "Nitashuka mimi niunganishe bomba lako. Nikitoka humo, mimi na wewe tumemalizana."

Ningeweza kusema usishuke. Lilikuwa neno moja tu. Sikulisema, kwa sababu nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba hatimaye kuna mtu kanitii.

Akashuka kwa kujishikilia kingoni, ngazi haikuwepo. Nikampa ishara Shija, dereva wa kijiko, asogeze bomba. Shija ni Msukuma mwenzangu, kijana mwangalifu. Aliniambia ardhi imelowa, mtambo ukisogea zaidi ya pale utabonyeza ukingo. Nikamtukana. Akausogeza.

Ukingo haukupiga kelele ulipoporomoka. Watu hudhani ardhi ikishuka inanguruma. Ilikuwa kama mtu ametua gunia. Ukingo uliokuwa na kifusi uliteleza wote kwa pamoja, na pale aliposimama Nestori pakawa tambarare, udongo mwekundu uliolowa, umefika karibu na barabara.

Vibarua waliruka na makoleo. Elia, yule niliyemvunja mbavu, alikuja akitambaa, akateremka akaanza kuchimba kwa mikono. Akawa anawapanga: huyu hapa, yule pale, chimbeni kwa mikono kuelekea kichwani, mtambo usiguse, mtambo usiguse. Nilimsikia vizuri kabisa.

Mimi nilimvuta Shija kwa shingo nikamtoa kwenye kiti cha kijiko. Nikakaa mwenyewe, nikipiga kelele wanipishe. Sijawahi kufundishwa kuendesha mtambo ule, nilikuwa naushika shika tu tunapohamisha. Niliona wale wanachukua udongo kwa viganja, nikaona watachelewa. Vibarua wakaruka kukwepa. Elia akapunga mikono yote miwili. Nikazamisha meno ya kijiko kwenye udongo, nikavuta.

Mara ya kwanza ulitoka udongo. Mara ya pili ulitoka udongo. Mara iliyofuata mtambo ulikwama kidogo kwenye kitu, mkono wake ukatikisika, nami nikaongeza nguvu.

Kilitoka kitambaa cha shati la Nestori, na damu.

Nilizima. Nilikaa palepale kwenye kiti. Elia na vibarua wakaendelea kwa viganja mpaka wakafika kichwani, wakamsafisha mdomo na pua, akavuta pumzi. Alikuwa hai! Alikuwa hai chini ya udongo muda wote ule, amejikunja chini ya bomba, ana nafasi ya kupumua. Lakini mkono wake wa kushoto, kuanzia karibu na bega, ulikuwa unaning'inia kwa ngozi. Elia alivua mkanda wake akaufunga juu ya jeraha, akampakata kichwa.

Sasa watu walikuwa wamefurika. Bodaboda walikuja kutoka kila upande, habari ya refa wao imefika kijiweni. Walipoona ule mkono, wengine walilia na wengine waliokota mawe. Mmoja akasimama chini ya mtambo akaniuliza nani kafanya hivi. Mkononi ana mnyororo wa pikipiki kauzungusha kwenye ngumi. Nyuma yake wakarudia wote, nani, nani.

Nikaangalia mtaroni. Elia alikuwa ameinama, hanioni, damu ya Nestori imejaa kifuani kwake. Shati lake lilikuwa na kitambulisho cha kazi kinaning'inia.

"Huyo," nikasema, nikanyoosha kidole. "Mtu wa ukaguzi. Kala rushwa, kaniruhusu tuchimbe, kasema pako salama."

Walimtoa mtaroni kwa nywele.

Nililazimika kusaidia kumbeba Nestori hadi kwenye gari lililosimamishwa barabarani, na ndivyo nilivyopona. Tulipokuwa tunampakia nilisikia wanavyompiga Elia. Walitumia mawe, walitumia na makoleo yangu. Hakuwa anawatukana wala kuomba maji. Vibarua wangu wawili walijaribu kueleza, wakapigwa na wao, wakakimbia. Shija alisimama ananiangalia, mdomo wazi. Mimi nilipanda gari nikafunga mlango. Baadaye niliambiwa polisi walifika wakapiga risasi hewani, wakamkuta amelala kifudifudi kwenye kifusi, jicho moja limepasuka.

Hospitali, mke wangu alinikuta kwenye korido na udongo mwili mzima. Unajua alifanya nini? Alinikumbatia. Alinishukuru kwa kumtoa kaka yake ardhini. Ndugu yangu unayesoma, niliipokea ile shukrani. Nilimshika kichwa nikamwambia tumshukuru Mungu.

Nestori walimkata ule mkono. Alipozinduka alitaka kujua yule kijana wa ukaguzi yuko wapi. Nikamjibu alishaondoka. Kumbe amelazwa wodi ya jirani! Akaniuliza nani alikuwa anaendesha kijiko. Nikamwambia Shija.

Kisha akasema, "Muramu, niliisikia sauti yako juu ya mtambo." Akageuzia uso ukutani. Hakuniita tena kwa jina lolote. Alikuwa amepoteza damu nyingi, na lile jeraha likaoza. Alifariki Jumapili, watu wakitoka kanisani.

Ningeweza kusema ukweli siku hiyo. Badala yake nilikwenda kununua sanda na jeneza, nikaongoza msafara hadi Litapunga, nikapokea pole.

Ndugu zake Nestori walikuwa wameshaambiwa dereva ni Shija. Walimtafuta, wakampata, wakamchapa hadi akazimia. Alipozinduka akawaeleza yote: koleo, ngumi, neno la mkimbizi, kiti cha mtambo, kidole. Kisha wakaenda hospitali, wakamwona Elia akiwa amefungwa uso mzima. Elia hakuweza kuongea. Wakamuuliza ni kweli uliruhusu wachimbe, akatikisa kichwa kukataa.

Walirudi msibani wakati tumemaliza kuzika na wanawake wanagawa chakula. Sikuwaona wanavyoingia. Nilisikia tu sahani yangu ikipigwa teke.

Walikuwa kaka zake watatu na vijana wa kijijini. Kipigo kile sitakielezea chote. Meno ya mbele niliyatema mwenyewe yakiwa mazima, nikayaona kwenye vumbi. Mguu huu wa kulia waliuvunja kwa jembe, jembe lile lile la kufukia kaburi. Mwanaume mmoja alinikalia kifuani akawa ananishindilia udongo mdomoni kwa kiganja, ananiuliza una ladha gani.

Katekista aliwasihi waache. Kaka mkubwa akasimama akihema, akamgeukia mke wangu aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na mama yake. Akamuuliza kwa Kirundi, na mimi Kirundi nakisikia. Alimuuliza: huyu ni mumeo, tumwache?

Mke wangu alinitazama. Mimi nilijaribu kuinua mkono.

Akasema, "Mwendelee."

Hakulia, hakupaza sauti. Akainua kanga akafunika uso, wakaendelea.

Niliokolewa na polisi waliokuwa wananitafuta mimi kwa kesi ya Elia. Nililala hospitali nikiwa na pingu kitandani, kisha rumande, kisha mahakamani, kisha gerezani. Shija alisimama kizimbani na makovu yake akasema alichoona. Vibarua wakasema. Mama wa mahindi akasema. Jamaa yangu wa Sumbawanga alipoulizwa alisema hanijui, na kwa upande fulani alikuwa sahihi.

Gerezani nilikaa nikisubiri mke wangu aje. Alikuja mara moja, akasimama mbali, akaniambia watoto wako Litapunga kwa bibi yao na wanasoma huko, na kwamba nisimtafute. Sijamtafuta.

Nilipotoka nilikwenda Sitalike. Niliambiwa Elia amefungua kiduka pale kando ya barabara, kazi ya ukaguzi aliiacha kwa sababu hawezi tena kupima kina kwa jicho moja, na kichwa kinamuuma jua likiwaka. Nilikwenda kwa miguu kutoka stendi, nachechemea, nikiwa nimepanga maneno.

Mkewe alikuwa anapanga nyanya mezani. Aliponitambua alishika kisu alichokuwa anakatia kabichi, akasimama mlangoni. Elia akatoka ndani akamwekea mkono begani. Upande wa kushoto wa uso wake umeingia ndani, kama papai lililoanguka.

Nikapiga magoti kwenye kokoto. Nikamwambia nimekosa, nimekuja kuomba msamaha, nifanye chochote unachotaka.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Walipokuwa wananipiga nilikuwa nakuita wewe. Hukusikia? Nilikuwa naita kaka, kaka. Nilijua ukisema neno moja wataacha."

Sikusikia. Au nilisikia. Hadi leo sijui.

Akaniambia msamaha nimuombe Mungu, yeye bado hajaupata wa kunipa, na hataki kunidanganya. Akaniomba nisirudi pale, kwa sababu mkewe hatalala. Akaingia ndani. Mkewe alibaki mlangoni na kile kisu mpaka nilipofika barabarani.

Leo nachunga ng'ombe wa mtu, nje ya mji, kazi niliyoikimbia. Sichimbi hata shimo la taka.

Wewe unayechimba mjini na leseni ya mtu mwingine, unajijua. Unaposoma hapa una watu wako chini ya shimo, na kifusi kimekaa ukingoni, na unasema mbao zinakuja. Watoe. Usimalizie kusoma, wapigie simu watoke. Udongo ukishashuka usipande mtambo kuwatafuta, tumia mikono, hata kama inachelewa. Na ikitokea umekosa, na watu wamekusimamia na mawe wanauliza nani, sema ni mimi. Utapigwa. Mimi pia nilipigwa, nikapigwa nikiwa mwongo.

Siku mkaguzi akija akakwambia simamisha, usibishane naye, usimpe kitu, usishike koleo. Zima mtambo. Nenda nyumbani kalale umenuna. Kununa hakujaua mtu.